Muguu wa Mama na Makala ya Ferdinand

Birere, Goma
Tarehe 4 Desemba 2022

Mpendwa mudogo wangu Byiringiro,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Habari ya Liège na baridi yake? Unakula vizuri, ao bado ni mukate tu? Sisi tuko wazima, tunamushukuru Mungu, hata kama ninakuandikia toka nyumba ya kupanga.

Mbele ya yote, aksanti. Aksanti sana, mutoto wa mama yangu! Ile gundi ya rezini ya epoksi na ule unga mweusi wa grafeni vilifika. Muguu wa bandia wa Mama, wenye ulipasukia kwenye mawe ya lava, umepona.

Lakini haukupona mara moja, na mwenye kosa ni shemeji yako. Ferdinand, muuza makala ya kupikia, unamujua, alifungua kapakiti akacheka: "Kaunga haka ni ka kutia mu chai?" Kwa sababu uliandika kwamba grafeni ni kaboni, ndugu ya makala, akatwanga makala yake mwenyewe, akachunga, akaongeza kopo nzima mu rezini, akapaka kwenye ufa. Yoo! Ikawa mabonge sawa bugali yenye haikusongwa. Mama alisimama kumusalimia pasta, muguu ukalia "kaa!", ukapasuka tena, akaangukia mikononi mwa pasta. Nilikasirika sana. Mama yeye alicheka mpaka machozi.

Bahati nzuri nilikuwa nimeficha nusu ya rezini na ya unga wako. Tukasoma tena maelezo yako polepole: kwamba grafeni hiyo uliipitisha kwenye dawa huko labo, maabara ya kazi yako, ili ishikane na rezini na ienee kila pahali, ndiyo maana kidogo inatosha, na ufa ukianza unakosa njia. Ferdinand alikoroga asubuhi nzima, jasho linamutoka. Tukazungushia muguu kitambaa ulichotuma, tukapaka juu yake, tukaacha ikauke. Sasa Mama anaupiga na kijiko ili wageni wasikie ugumu wake.

Mwezi uliopita vita ilifika Kibumba, na sisi kwetu Kanyaruchinya tukakimbia na watu wote. Roho yangu ilikuwa kwa Mama. Mwaka jana, volkano ilipolipuka, Ferdinand alimubeba mugongoni, naye Mama akatuomba tumuweke chini, tumuache, tuokoe watoto. Hilo sikukuandikia, lilinishinda. Byiringiro, safari hii alitembea! Alitembea mpaka Birere, amemushika mukono kabinti ketu Chance, na anatugombeza kwamba tunachelewa.

Ferdinand anakusalimia, na anaomba usiwaambie wenzako wa labo habari ya makala. Umusalimie mukeo Emerance. Majirani wetu, Muzee Twagirimana na Uwitonze, wanakusalimia pia, wako salama.

Mama anakubariki. Anasikitika kuona unajilaumu kila mara kwamba ulikuwa mbali siku za taabu. Amesema niandike hivi: siku ile ya kukimbia, wewe ndiye ulimubeba.

Mungu akulinde, mudogo wangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Donatille