Mama Kando ya Dirisha la Jikoni

Jumamosi, 8 Machi

Dada kapiga simu tena. Anataka picha ya Mama — ya sasa, si ya zamani. Yuko mbali, na kila nikimwambia "anaendelea vizuri" haniamini. Lakini Mama hataki. Tangu kiharusi kimvute mdomo upande wa kushoto, hata kioo cha chumbani kakigeuzia ukutani. Mimi mpiga picha mzima, picha ya mama yangu sina. Aibu!

Jumapili, 9 Machi

Nimembembeleza mpaka akakubali. Nikaleta flashi ya studio, stendi, mbwembwe zote. Nikampiga picha sebuleni. Alipoiona akasema taratibu, "Futa." Nikafuta. Flashi haina adabu, imeanika kila kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 11 Machi

Flashi imebaki studio. Dirisha la jikoni ni kubwa na asubuhi jua haliingii moja kwa moja, kwa hiyo mwanga ni mpole. Nikamwomba Mama asogeze kiti, shavu la kulia lielekee dirishani. Picha ya kwanza — uso nusu njano, nusu buluu! Fundi mimi nimesahau taa ya darini inawaka, njano yake imegongana na mwanga wa dirisha. Mama akanicheka. Nikazima.

Shangazi, anayeishi nasi, nikamshikisha shuka jeupe upande wa pili, limrudishie Mama mwanga kidogo, kivuli kisiwe kizito. Akalalamika mikono inamfa ganzi, lakini hakulishusha. Mdomo ukatulia kivulini, macho yakang'aa. Mama akaichukua kamera, akaitazama picha.

"Huyu ni mimi," akasema.

Afadhali! Nimeshusha pumzi. Dada ametumiwa. Amelia kwenye simu, kisha akacheka, eti Mama kanizidi sura. Kweli.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba imekuwa nyepesi. Mama anaimba, maneno mengine yanamponyoka, hajali. Kaniita jikoni nije na kamera. Kiti kakigeuza mwenyewe — shavu la kushoto dirishani. Nikadhani kakosea, nikamwambia upande huo ndio utakaopigwa na mwanga.

"Najua. Yule wa jana dada yako ameshamwona. Sasa amwone na huyu."

Shangazi alikuwa kashalileta shuka. Mama kamwambia alirudishe kitandani.

Taa nimezima. Naandika huku namsubiri afunge kitambaa kichwani. Huyo amekaa, anauliza napiga picha au naandika —