Mkono wa Kuupa Mpira

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo tena! Mpira mmoja umeishia kwenye wavu, mwengine umempiga Shemsa mgongoni, na mmoja — sijui niuelezeje — umeniangukia mwenyewe kichwani. Wenzangu wamecheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nimecheka. Nyumbani ndipo nikanuna.

Kocha Thuwaiba kasema wazi: mechi ya mpira wa wavu na mabinti wa Jang'ombe ni Jumapili ya tarehe 24, na asiyeweza kuanzisha mpira ukavuka wavu atakaa benchi. Hakunitaja. Kanitazama tu. Jamani, nataka kucheza! Miezi yote hii natoka dukani Darajani mbio mbio kuja mazoezini, halafu niishie kuwashikia wenzangu chupa za maji?

Jumatano, 6 Agosti

Kocha kagundua maradhi yangu. Mpira naurusha juu kwa mkono wa kulia, kisha nataka kuupiga kwa mkono huohuo. Ukifika chini, mkono bado uko njiani! Kaniambia nirushe kwa kushoto, nipige kwa kulia, kama watu wote.

Mkono wa kushoto ukagoma. Kutwa nampa mteja kitambaa kwa kulia, chenji kwa kulia. Na Bibi Mwanamkasi, aliyenilea, ukimpa kitu kwa kushoto hapokei. Anakutazama tu mpaka ubadilishe.

Kocha kachoka na mimi. "Nasima, humpi mtu sadaka! Mpira huo!"

Wote hoi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya mazoezi chumbani kwa soksi zilizokunjwa. Taa imepona. Glasi moja haikupona. Bibi hajajua.

Jumatatu, 11 Agosti

Makubwa! Tumemaliza kula, mende karuka kutoka nyuma ya kabati. Nikavua ndara — paa! Kafa palepale ukutani. Bibi badala ya kunishukuru akautazama mkono wangu.

"Huo mkono bado unao tu?"

Wa kushoto! Mwenyewe sikuhisi. Ndipo akanieleza kuwa nilipokuwa mdogo nilikuwa mashoto. Kila nikikaa kula, kila nikishika kalamu, alinifunga mkono huo kwa kipande cha kanga mpaka nikauacha. Anajisifu, wallahi! Akaigiza na kilio changu. Nilikasirika kidogo, lakini kwa alivyokikunja kile kinywa nikashindwa, nikacheka.

Kitandani nikafikiri: kurusha kwa kulia najua. Na kupiga? Muulize mende.

Jumatano, 13 Agosti

UMEVUKA! Kulia rusha, kushoto piga — ukapita juu ya wavu, juu ya Shemsa, ukatua kwenye roshani ya Bi Rukaiya, jirani anayejuana na Bibi, ghorofa ya kwanza, katikati ya nguo zake alizoanika. Uwanja wetu uko nyuma ya majumba ya Michenzani, kwa hiyo si mara ya kwanza kugombwa. Bi Rukaiya akachungulia, anataka kujua nani kapiga. Wote wakanisonta, mashoga wa ajabu hawa! Kocha yeye anapiga makofi. Kasema nikijifunza kuupunguzia nguvu, nimo.

Nimo!

Jumamosi, 23 Agosti

Sasa navusha karibu yote. Lakini leo Bibi kasema kesho anakuja kunitazama. Yeye! Hajawahi hata kuuliza mpira wenyewe unachezwaje.

Nitapigaje kwa kushoto mbele yake na mbele ya mtaa mzima? Jinsi alivyohangaika na mkono huu, aone sikusikia hata neno lake moja? Nikipiga kwa kulia, mpira hauvuki na tunashindwa. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara zote mbili nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Kanywa chai nyingi leo.

Jumapili, 24 Agosti. Benchi

Naandika kwenye simu, haraka. Seti ya kwanza yetu, ya pili yao. Hii ya tatu ndiyo ya kumaliza. Bibi yuko mbele kabisa, mwavuli wazi, anamkemea refa ambaye hajakosea chochote.

Kocha kaja: naingia badala ya Shemsa, na mpira naanzisha mimi.

Bibi kainuka. Anakuja huku!

Kafika. Nikamwambia shikamoo, ya pili leo. "Marahaba." Kisha katoa mkobani kipande cha kanga. Bi Rukaiya kamwambia kuwa napiga kwa kushoto! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaanza kujitetea: Bibi, usijali, nitapiga kwa kulia.

Kanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu.

"Haya, mwanangu. Leo tufunge upi?"

Nimempa wa kulia. Anauzungushia kanga kweli, kifundoni tu, vidole kaviacha huru, anacheka peke yake, machozi yananitoka, na hapa naandika kwa kidole cha kushoto. Refa kapuliza. Kocha ananiita —

Naam! Nakuj