Kiko Chako Sasa Anakivuta Mama

Baba,

Leo nimechoka, lakini habari hii siwezi kuibeba peke yangu. Kiko chako anakivuta Mama. Ndiyo, Mama yuleyule aliyekuwa akikufukuza: "Peleka moshi yako kwa majirani!"

Ulipozikwa, wadogo zako walichukua baiskeli, redio, hata koti lako la kazini. Mama aliwaacha wabebe. Kisha kampuni uliyoifanyia kazi ikataka irudishiwe nyumba yake, maana nyumba za kambi ni za wanaofanya kazi, nawe huendi tena kwenye tanuru la kiwandani. Tukahamia chumba kimoja upande wa Kamatanda. Tulipokuwa tukifungua mizigo, nikaona kwamba kiko alikuwa amekificha kiunoni, ndani ya kitenge, siku zote za matanga.

Akakaa wiki nyingi bila kuzungumza. Nikimsongea bukari ya unga wa mahindi, anamega kidogo, anasukuma sahani. Narudi kutoka sokoni kuuza ndagala, vile visamaki vikavu, miguu imevimba, namkuta amegeukia ukuta. Baba, kuna uchovu ambao usingizi hauutoi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, akanunua tumbako. Akaketi mlangoni, akaishindilia kwenye kiko kama anayeziba tundu la panya, akawasha. Alikohoa mpaka akainama. Ulimi ukamwungua. Akanitazama kwa hasira.

"Baba yako alikuwa anavuta hii moto namna gani? Weye ndiye ulikuwa unamutengenezea. Nionyeshe."

Sikuamini kwamba amesema nami. Nikaitoa tumbako yote. Ilikuwa na maji mengi, ndiyo maana ilimuuma. Nikaitandaza kwenye sahani, kivulini, tukangoja pamoja bila haraka, mpaka ikawa kama ulivyonifundisha: ukiifinya isigande, ukiiachia ifunguke polepole. Nikaichambua kwa vidole, nikatoa vijiti. Chini nikaiweka legelege, juu nikaibana kidogo. Nikawasha, ikaumuka. Nikaigandamiza taratibu, nikawasha tena, nikikumbuka maneno yako:

"Usiifinye sana, mama, iache ipumue." Ndivyo ulivyoniambia, mimi mtoto wako ukiniita mama.

Nikampa Mama kiko. "Vuta polepole, kama unakunywa chai ya moto."

Akavuta. Hakukohoa. Harufu yako ikajaa mlangoni, na hapo akalia, Baba. Kile kilio ambacho hakukitoa makaburini. Majirani wakaja mbio wakiuliza kama tumefiwa tena. Nikawaambia ni yuleyule.

Jioni akala. Hakumaliza, lakini alikula. Akaniambia nimekonda, kana kwamba ndiyo kwanza amerudi safarini.

Sisemi tumepona. Asubuhi bado naamka nimechoka kama nilivyolala. Ila jana Mama alikuja nami sokoni, akapanga samaki, akagombana na mteja.

Basi pumzika, Baba. Sitamwacha Mama peke yake na ule ukuta. Akinyamaza tena, nitaketi karibu naye ninyamaze pia, hadi atakapotaka kusema.

Binti yako,
Odile