Mtahini Akisema Twende

Mjukuu wangu Neema,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba siku ya mtihani wa urubani, mtahini ndiye mkubwa wa ndege.

Huku kijijini kwetu Ruanda hatujambo. Kahawa imeanza kuwa nyekundu, na shangazi yako wa Chapwa amejifungua mapacha wenye sauti za kwaya.

Umeniuliza ufanyeje usishindwe kwa kumwogopa mtahini. Mimi nilishindwa hivyohivyo pale Tunduma, nikiwa mwalimu kijana anayetafuta leseni ili niendeshe gari la shule. Mtahini alikuwa rika la baba yangu, na kwetu mkubwa akisema, unaitika. Nilikuwa bado nalizunguka gari kulikagua, yeye akaingia na kugonga mlango.

"Mwalimu, twende, kabla malori ya mpakani hayajafunga barabara!"

"Ndiyo, baba." Nikawasha, nikaondoka.

Hatukufika mbali. "Simama. Tairi la nyuma lina nini?"

"Sijui, baba. Ulisema twende."

"Na nikisema tuingie mtoni?"

Kumbe alilipunguza upepo mwenyewe! Akaniangusha huku akicheka.

Niliporudi kurudia mtihani, akanihimiza vilevile. Nikapiga goti kwa adabu: "Bado, baba. Namalizia matairi." Heshima yangu haikupungua hata chembe, na leseni nikaipata.

Leo hii, mkalishe mwenzako kwenye kiti cha mtahini, akuharakishe kabla hujamaliza kukagua ndege, nawe umjibu kwa sauti: "Bado, mzee. Namalizia."

Bibi yako