Jimbo Jipya na Eda Yangu

Jumatatu, 5 Mei
Redio imesema. Jimbo letu limegawanywa! Upande huu wa mashamba na mwani sasa ni jimbo peke yake. Yule mbunge wa upande wa wenzetu hata njia ya kuja huku alikuwa haijui. Wakil angefurahi. Alikuwa akinitania: likija jimbo, mke wangu nakupeleka Dodoma. Limekuja, naye yuko kaburini. Nimelia kidogo, nikaendelea kuchagua mchele.

Alhamisi, 8 Mei
Riyama, mwenzangu wa mwani, kaja na fomu ya chama. Kanichukulia bila kuniuliza! Anasema kina mama wameshakubaliana nigombee. Uzazi ukiwa mgumu hapa, mtu hubebwa kwa gari ya ng'ombe mpaka njia kuu, na mimi ndiye ninayelisema hilo kila kikao. Nikamwambia nimo edani, mlango wa nje siuvuki, na eda itakwisha kura za chama zimeshapigwa zamani. Akacheka: mkono haukai eda. Nikaijaza. Wacha niandike ukweli, hapa hasomi mtu — nautaka ubunge huu.

Jumapili, 18 Mei
Kumbe Talib naye anagombea! Mtoto wa dada yake Wakil. Anakaa mjini, Michenzani, huku huja Idi kwa Idi. Leo kaja kumsalimia bibi yake, Bi Kazija, mkwe wangu ninayekaa naye. Mimi nilikuwa chumbani, nasikia. Kaniletea haluwa, kanipa pole. Halafu akamwambia bibi yake, taratibu tu, kwamba mjane wa eda kutangazwa jina mitaani ni aibu kwa marehemu. Bi Kazija akamuuliza tu kama atakunywa chai. Kukosana na bibi huyu siwezi. Ndiye aliyebaki wa kumlilia Wakil pamoja nami.

Jumanne, 27 Mei
Wajumbe wa chama lazima wamsikie kila mgombea kabla ya kura. Riyama alitaka nizungumze kwa simu — huku mtandao mpaka upande mnazi! Mwenyekiti wa tawi, Mzee Ahmada, kenda kuuliza kwa imamu. Karudi na jibu: kutoka nisitoke, kusema hakukatazwa. Basi mkutano utakuja kwangu. Wao uwanja wa mbele, mimi nyuma ya pazia la dirisha. Ila nyumba ni ya Bi Kazija. Kaombwa ruhusa, kajibu waje. Hilo tu. Moyoni mwake sijui mna nini.

Jumamosi, 31 Mei
Wameshajaa. Mikeka haitoshi. Naandika huku nangoja zamu yangu.

Talib anazungumza, na anazungumza vizuri. Barabara, umeme, ajira. Sasa kaingia kwenye eda. Anasema inamuuma kuona mke wa mjomba wake ananadiwa dirishani na kaburi bado bichi. Haya imenishika mpaka masikio yanawaka. Nataka kumwambia Riyama waniondoe jina, yaishe.

Bi Kazija kainuka pale nje. Nikajua anakwenda kusimama na mjukuu wake. Sivyo — kaingia ndani. Kafungua mbao za dirisha, zote mbili, pazia kaliacha. Kakaa kitandani kwangu.

"Wakil nimemzaa mie," kanambia. "Aibu yake nnaijua mie. Sema kwa sauti, mwanangu, wakusikie mpaka wa nyuma."

Mzee Ahmada ananiita jina.