Baba, Aliyeonja Maji Ni Mimi

Kamere, Naivasha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu ile homa iliyokulaza mwaka jana isiwe imerudi, na miguu ya mama iwe bado inamfikisha shambani. Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi ya huku. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapokwenda, nawe unajijua.

Ziwa limepanda tena. Chumba changu kiliingia maji hadi magotini, nikahamia juu kidogo, karibu na barabara. Kwetu, mto unapokaribia bahari, maji hujaa na kupwa, mtu akayapangia kazi. Haya ya Naivasha yakija yamekuja, na sasa viboko wanalisha pale palipokuwa na bucha. Bado navuna waridi katika shamba la maua. Nikiwa nimeinama mle ndani ya nyumba za nailoni, natamani tope la kwetu na harufu ya mpunga unaochanua. Natamani hata zile kelele za kiangazi, wafugaji wakiteremsha ng'ombe mtoni na mama akipiga mayowe wasikanyage migomba yake. Mwaka huu wameshafika?

Uliponipigia ukasema nirudi nishike shamba, kwamba mlango wa mtaro unaoingiza maji shambani ni wangu na mdogo wangu Komora asiuguse tena, nililia kwa furaha. Nimeyangoja maneno hayo miaka kumi na mmoja, tangu nilipokuja huku kufanya kazi. Hata mizigo nilianza kufunga.

Sasa nisikilize, baba, na usiichane barua hii.

Unakumbuka ile bamvua ya mwaka jana, maji makuu ya mwezi mpevu, nilipokuja nyumbani likizo, wewe ukiwa kitandani, kinywa kichungu kwa dawa. Mpunga ulikuwa na kiu, mto umekonda, na bahari ilikuwa imepanda mbali kuliko kawaida yake. Maji yalipoanza kujaa, tulishuka mimi na mdogo wangu kuonja, kama ulivyotufundisha: sukutua, tema, ngoja, onja tena. Yakiwa matamu, mlango unafunguliwa ili bahari iusukume mto uingie shambani. Yakiwa na chumvi, hufungui hata kama mpunga unakauka. Mimi nikasema ni matamu. Komora akaonja mara mbili.

"Kaka, ngoja. Mimi naisikia chumvi."

"Umeanza lini kunifundisha? Mkubwa hapa ni nani? Fungua!"

Akafungua. Mpunga ukaanza kuungua kwenye ncha, kisha wote ukafa, chakula cha nyumba nzima. Ulipoinuka ukauliza ni nani aliyefungua, Komora akajibu, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama palepale. Aliniangalia mara moja tu. Ukamwambia hata mbuzi angeijua chumvi ile, mbele ya mkewe, na mimi nikanyamaza. Nikajidanganya kwamba aliuacha mlango wazi kupita kiasi, nikapanda basi la Nairobi na uongo wangu.

Mwezi uliopita akaja mfanyakazi mpya hapa, Wambui, mtu wa Molo, kwao hunywa maji ya mvua. Wakati wa chakula alichota kikombe kwenye bomba letu, maji ya kisima kirefu, akayatema chini.

"Woi! Kwani nyinyi mnakunywa hii maji aje? Iko na chumvi mbaya!"

Tukamcheka. Nikachukua kikombe nionje. Nikasukutua, nikatema, nikangoja, nikaonja tena. Sikusikia kitu. Kwangu yalikuwa matamu kabisa.

"Wewe umezoea tu, Buya," akasema. "Uliza mgeni yeyote."

Niliuliza wageni wengine wawili, nao wakakunja uso. Ni maji hayohayo yaliyonigeuza meno rangi ya chai, mama akadhani nimeanza kutafuna tumbaku. Meno niliyaona kwenye kioo, ila sikujua kwamba na ulimi yameuzoesha chumvi.

Nina haya, baba. Ukubwa wangu ulikuwa mdomoni tu, na mwenye ulimi wa mto alikuwa mdogo wangu. Nimemwacha abebe mzigo wangu mwaka mzima, akilima vibarua mashamba ya watu ilhali lake lipo. Na mimi huku nikafurahia kupewa alichonyang'anywa. Mizigo nimeifungua.

Mwite Komora, na mkewe awepo, umsomee barua hii mbele ya wote waliosikia ukimkaripia. Mlango ni wake. Kiangazi kinakuja, usimngoje mtu mwingine.

Nisalimie mama, umwambie chumvi ya mwaka jana ni yangu, asimnunie tena mwanawe. Nisalimie shangazi, dada yako mkubwa, na jirani yetu msusi wa mikeka ambaye hunikumbuka katika sala zake. Hao watoto wa Komora wapakatie kwa niaba yangu.

Sijui kama utaniita tena. Ukiniita, nitakuja kupalilia tu, na nitamwuliza mdogo wangu nianzie wapi.

Mimi mwanao, niliyekukosea,
Buya