Chumvi Iko Chini

Dada, shikamoo.

Nilikukosea. Nilisema mbele ya wateja kwamba unachanganya chumvi ya dukani kwenye sufuria yako ya kuchemshia maji ya chumvi, ukafunga banda ukahamia kwa mwanao. Hukuchanganya hata punje.

Huku wote wazima. Wifi yako kapata miwani, sasa anaona kila nisipofagia.

Juzi alikuja mpima maji kwenye chemchemi yetu. Nikamuuliza kwa nini ndoo yako ilikuwa ikichemshwa inatoa chumvi mara mbili ya yangu. Akauliza tunachotaje. Nikamwambia wewe ulikuwa unazamisha ndoo mpaka kwenye ufa wa chini, mimi nachota juu juu, maana mimi na kuinama hatupatani.

Alicheka huyo! Akasema mvua inazama ardhini, inapita kwenye chumvi ya bahari iliyokauka zamani za kale, inaiyeyusha, kisha inapanda kwa ule ufa. Maji hayo ni mazito, yanakaa chini. Yanayoelea juu ni ya mvua ya juzi.

"Mzee, miaka yote umekuwa ukichemsha mvua!"

Jana nimechota chini. Chumvi imejaa, nyeupe pee. Nimefurahi, dada, pamoja na aibu yangu.

Wateja wako niliwafukuza kwa mdomo huu, nitawarudisha kwa mdomo huu huu. Ijumaa asubuhi, wakija kununua kwangu, nitasimama mlangoni pa banda lako niwaambie nilikusingizia. Jiko lako nimeshalisafisha na kuni nimepanga. Kuliwasha nakuachia wewe.

Mdogo wako, Mbishi.